Saa 48 za Mkuu wa Wilaya: Haki za Katiba Zikikutana na Sheria

Kwenye mikutano ya hadhara ya Tanzania Bara kuna amri ambayo masikio yameshaizoea: "OCD, mchukue huyu, kaa naye saa 48." Anayeitoa ni Mkuu wa Wilaya au Mkuu wa Mkoa, na huyo OCD anayeamriwa ni mkuu wa polisi wa wilaya. Anayechukuliwa anaweza kuwa mtendaji wa kijiji aliyeshindwa kueleza fedha za zahanati zimekwenda wapi, mkandarasi aliyechelewesha daraja, au mwananchi tu aliyeshika kipaza sauti akauliza swali lisilopendeza. Watu hupiga makofi, hasa kama aliyechukuliwa ni mtendaji. Wengi huondoka wakiamini kwamba kiongozi ana haki ya kumweka ndani mtu yeyote kwa siku mbili, kama adhabu ndogo ya kumtia adabu.

Mamlaka hayo yapo. Yamo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Lakini ukiisoma sheria yenyewe unakuta kitu tofauti kabisa na kile kinachofanyika uwanjani. Kiongozi anaruhusiwa kuagiza mtu akamatwe pale tu anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba ametenda kosa la jinai linaloweza kumfikisha mahakamani, au kwamba amani itavunjika na hakuna njia nyingine ya kuzuia isipokuwa kumshikilia. Lazima aandike sababu zake. Lazima aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa hizo 48. Zikipita bila hivyo aachiwe, na asikamatwe tena chini ya mamlaka hayo kwa jambo lile lile. Na kiongozi anayeyatumia kinyume na makusudio yake anaweza kushtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka. Kwa hiyo saa 48 ni muda wa juu wa kumfikisha mtu kortini, si kifungo. Mtendaji aliyekaa sero siku mbili kisha akarudi nyumbani bila kumwona hakimu hakuadhibiwa kisheria. Alinyimwa uhuru wake kinyume cha ibara ya 15 ya Katiba, makofi au hapana.

Mfano huu unabeba karibu swali zima la haki za msingi katika maisha ya kila siku. Tunapofundishana haki tunataja ibara: ya 14 ni uhai, ya 16 faragha, ya 18 maoni, ya 24 mali. Si vibaya kuzijua. Lakini ibara haimfikii raia moja kwa moja. Inapita kwanza mikononi mwa sheria za kawaida, na huko ndiko inakopewa meno au kung'olewa. Anayejua ibara peke yake atashangaa kila siku kwa nini haimsaidii.

Chanzo cha hali hiyo ni cha kihistoria. Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila Hati ya Haki ndani ya Katiba. Serikali ya Nyerere iliona kwamba nchi changa, yenye haraka ya kujenga uchumi na umoja, haiwezi kuwapa majaji, ambao wengi wao wakati ule walikuwa wageni, nafasi ya kusimamisha mipango yake. Hati ya Haki iliingia 1984 kwa Mabadiliko ya Tano ya Katiba, na hata hapo serikali ilijipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla ya mtu kuruhusiwa kuzipinga mahakamani. Hati ikaanza kudaiwa kortini Machi 1988. Usafi wenyewe ulikuwa hafifu: Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama 1991, iliorodhesha sheria 40 ilizoona zinakandamiza na zinapaswa kufutwa au kurekebishwa.

Hati hiyo nayo iliandikwa kwa tahadhari. Ibara nyingi zinatoa haki kwa mkono mmoja kisha zinaongeza kwamba itatumika kwa mujibu wa sheria, au kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Halafu ibara ya 30 inaruhusu sheria ziweke mipaka kwa ajili ya ulinzi, usalama, maadili, afya ya jamii, mipango ya maendeleo na mengineyo ya namna hiyo. Hakuna nchi yenye haki zisizo na mipaka, na mimi sidhani tatizo liko hapo. Tatizo ni nani anaamua kama mpaka ni wa haki au ni kisingizio. Mahakama ya Rufani ilijibu mapema, katika kesi ya dhamana ya 1991: sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kumwachia mtawala kuamua apendavyo, na isibane zaidi ya inavyohitajika kutimiza lengo lake. Kipimo hicho ndicho silaha kubwa zaidi aliyo nayo Mtanzania dhidi ya sheria mbaya, ingawa hakimo kwenye maneno ya Katiba. Kimo kwenye hukumu.

Twende kituo cha polisi, maana huko ndiko watu wengi hukutana na Katiba kwa mara ya kwanza, na kwa ubaya.

Imani iliyoenea ni kwamba Katiba inakataza kushikiliwa zaidi ya saa 24. Katiba ya Tanzania haitaji saa 24 popote. Ya Kenya ya 2010 ndiyo inayotaja: ibara yake ya 49 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa kazi. Kwetu saa 24 zimo ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, na zimekaa kwa mzunguko. Mkuu wa kituo akiona haitawezekana kumfikisha mtu kortini ndani ya saa hizo, anapaswa kumpa dhamana ya polisi, isipokuwa kama kosa linaonekana kuwa zito. Akibaki mahabusu, sheria inasema afikishwe kortini mapema iwezekanavyo. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayokaa na watu sero tangu Ijumaa jioni hadi Jumanne. Nani anapima uwezekano? Kwa vitendo ni yule yule mwenye funguo.

Kwa hiyo anayekwenda kumtoa ndugu yake kituoni hapati mengi kwa kupaza sauti kwamba saa 24 zimepita. Anapata zaidi akiuliza mambo ambayo sheria imeyafunga. Anatuhumiwa kosa gani? Aliyekamatwa ana haki ya kuambiwa. Amehojiwa kuanzia saa ngapi? Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne, na kuuongeza kuna utaratibu wake. Ameruhusiwa kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki? Na kama kosa lina dhamana, mdhamini wake yuko hapa na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anatia saini ahadi. Fedha inayotakiwa "ya karatasi" au "ya mafuta ya gari" ni rushwa, hata ikiombwa kwa upole. Ninajua kwamba anayesimama kaunta saa tatu usiku, ndugu yake yuko nyuma ya nondo, hana ujasiri wa kusema hivyo. Lakini kuuliza jina la mpelelezi na kuandika saa kwenye karatasi mbele ya askari ni jambo linalowezekana, na mara nyingi hubadilisha lugha ya mazungumzo.

Upekuzi una mambo yake. Kwa kawaida polisi huhitaji hati, dharura zikiwa zimeachiwa nafasi, na kinachochukuliwa kinapaswa kutolewa risiti yenye saini ya mwenye nyumba na ya shahidi aliyekuwepo. Risiti hiyo inaonekana kitu kidogo. Mahakama ya Rufani imewahi kutupa vielelezo na kuwaachia washtakiwa kwa sababu haikutolewa, ingawa si kila mara, maana nyakati nyingine imeridhika na ushahidi mwingine wa jinsi kitu kilivyopatikana. Anayekataa kutia saini kwenye risiti yenye vitu ambavyo havikukutwa kwake anafanya jambo la maana kuliko anayegombana mlangoni.

Na simu? Ibara ya 16 inalinda mawasiliano ya mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inampa mkuu wa kituo mamlaka ya kutoa amri ya kupekua kifaa pale anapokuwa na sababu za msingi za kushuku kosa, na mamlaka hayo ni makubwa mno kwa maoni yangu, kwa kuwa hakimu hayumo. Hata hivyo hayamhusu askari wa kwenye kona anayetaka ufungue WhatsApp ili aangalie tu. Ukimuuliza amri yake iko wapi huvunji sheria.

Dhamana ya mahakamani ndiyo iliyopiganiwa kuliko haki nyingine yoyote. Ile kesi ya 1991 ilitangua sehemu ya kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama 148(5), kilichowazuia hakimu na jaji kutoa dhamana kwa aina fulani za mashtaka. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikabatilisha pia kifungu kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa kuwasilisha hati yake tu. Ilionekana ukuta unabomoka. Mei 2020 Mahakama Kuu ikatamka kwamba orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana inakiuka Katiba; Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo na kuirudisha orodha. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha: ukishtakiwa kwa mojawapo unakaa rumande, na hakimu hana la kufanya hata akiamini hutatoroka. Ibara ya 13 inasema mtu asihesabiwe kuwa na hatia hadi ithibitike. Aliyekaa rumande miaka mitatu kisha shtaka likaondolewa ataona maneno hayo yana maana gani. Kenya, katika ibara ile ile ya 49, imemweka jaji aamue kila kesi kwa sababu zake, hata ya mauaji. Kwa hili jirani yetu yuko sahihi na sisi tumekosea.

Haya ninayoyaeleza, nisisahau kusema, ni ya Bara. Zanzibar ina Katiba yake ya 1984 yenye sura yake ya haki, na sheria zake za mwenendo wa jinai.

Kwenye ardhi hadithi ina nuru zaidi. Wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishwa na mashamba yao yakagawiwa wengine. Katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu mkoani Arusha, baba na mwanawe waliopoteza shamba walilolifyeka na kulilima tangu miaka ya 1940 walikwenda mahakamani miaka ya 1980 na wakalirudisha. Hawakuwa peke yao, na serikali ikaona mashauri ya namna hiyo yatavuruga vijiji vizima. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kufuta haki za kimila kwenye ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa, kuzuia fidia na kufunga milango ya mahakama. Wale wawili wakaipinga. Upande wa serikali ulijenga hoja kwamba ardhi yote ni ya umma, kwa hiyo anayeilima kimila hana mali ya kuzungumzia.

Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikataa. Haki ya kimila ya kutumia ardhi, ilisema, ni mali inayolindwa na ibara ya 24, na kumnyang'anya mtu bila fidia inayostahili ni kinyume cha Katiba. Tena fidia haiishii kwenye nyumba na mazao. Jasho lililoigeuza pori kuwa shamba lina thamani yake. Kama hoja ya serikali ingepita, wakulima karibu wote wa nchi hii wangekuwa wapangaji wasio na mkataba. Sheria za ardhi za 1999 zilizofuata zinataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati, na tathmini ihesabu si bei ya ardhi tu bali pia usumbufu, usafiri na malazi. Mthamini akija na daftari, mwenye shamba anapaswa kuwepo, ahesabu miti yake mwenyewe, apige picha, na abaki na nakala ya fomu aliyotia saini. Barabara au bomba likipita, ibara ya 24 yote imo ndani ya fomu ile. Ambaye hakuwepo siku hiyo, haki yake imeandikwa na mtu mwingine.

Si serikali peke yake inayokiuka haki. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, Muleba. Bibi mmoja wa Kihaya, mzee asiye na wa kumtunza, alikuwa ameuza shamba la ukoo aliloachiwa na baba yake kwa wosia, kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akafungua shauri: kwa mila, mwanamke hutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini haiuzi. Jaji alisema mila hiyo inabagua kinyume cha ibara ya 13, na kwamba masharti ya kuuza yawe sawa kwa mwanamke na mwanamume. Hukumu hiyo inafundishwa hadi leo katika vyuo vya sheria. Lakini amri ya mila ya 1963 inayompunja mwanamke katika urithi ilipopingwa, Mahakama Kuu 2006 ilikiri ubaguzi upo, kisha ikasita kuufuta. Jambo moja ni kushinda kesi ya shamba moja, na jingine ni kuing'oa sheria.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi anajua tofauti hiyo. Alipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, wakati umri wa kawaida wa mvulana kuoa ni 18. Alishinda Mahakama Kuu Julai 2016, na serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Miaka ikaendelea kupita bila Bunge kubadili kitu. Naye mwanasiasa Mchungaji Christopher Mtikila alianza 1993 kudai mgombea binafsi aruhusiwe, akashinda mara mbili Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani 2010, akashinda tena 2013 katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyo pale Arusha. Alifariki 2015, na mgombea urais au ubunge bado alitakiwa adhaminiwe na chama.

Njia ya Arusha yenyewe imezibwa. Novemba 2019 Tanzania ilitangaza kujiondoa kwenye tamko linalowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki huko moja kwa moja. Ndani ya nchi, ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba, lakini 2020 Bunge lilibadili sheria ya kudai haki za msingi ili mlalamikaji aape kwamba yeye binafsi ameathirika. Badiliko hilo nalo lilipelekwa kortini. Kesi ya namna hii husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama Kuu, huhitaji wakili mzuri, na ukishinda, ibara ya 30 inairuhusu mahakama kuipa serikali muda wa kurekebisha badala ya kuifuta sheria papo hapo.

Elimu na afya ziko pabaya zaidi. Ibara ya 11 inazungumza vizuri kuhusu kujielimisha, ila imewekwa kwenye sehemu ya malengo ya nchi, na ibara ya 7 inaziondolea mahakama uwezo wa kuitekeleza sehemu hiyo. Mzazi aliyekosa dawati atalalamika kwa diwani, si kwa jaji.

Kwa sababu hiyo, mashauri mengi yanayomwokoa mtu wa kawaida hayaitwi ya kikatiba. Aliyeachishwa kazi kinyume cha utaratibu ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ya 31 ataanza kuomba msamaha wa kuchelewa. Anayetaka kuona matumizi ya fedha za kata anaweza kuomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Asiye na wakili anaweza kumtafuta msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Tarehe, saini na nakala. Haki nyingi hupotea kwa kukosa mojawapo ya hivyo kabla hata ya kufika kwa jaji.

Kuna jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito. Katiba ya 1977 ilitungwa kwa Kiswahili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyobeba masharti yote ya kukamatwa, kupekuliwa na kudhaminiwa, ilitungwa kwa Kiingereza na ikabaki hivyo miongo mitatu na zaidi. Yaani ahadi ilitolewa kwa lugha ya raia, masharti yakaandikwa kwa lugha ya mwanasheria. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kutafsiri inaendelea. Isiishie kwenye tovuti na maktaba za wizara. Sheria ya mwenendo wa jinai, ya ardhi ya vijiji na ya ajira, kwa Kiswahili, ziwekwe mezani katika kila ofisi ya kata na kila kituo cha polisi, mahali ambapo mwananchi anaweza kufungua ukurasa mbele ya afisa anayemhudumia. Madiwani wana bajeti ya kuchapisha vitu visivyo na maana kuliko hivyo. Waulizwe kwenye kikao kijacho cha baraza.